Darajani, Daraja Liko Wapi?

Assalaam alaykum. Nakushukuruni kwa kuja na jua hili. Nimepewa dakika arubaini, na aliyenialika ananijua vizuri, ndiyo maana kakaa mstari wa mbele na saa mkononi.

Naanza na suali langu lile lile. Wamo humu waliokwishalisikia mara tano; wavumilie. Darajani, daraja liko wapi?

Hapana mtu wa mji huu wa Zanzibar asiyepita Darajani. Ndipo tunaponunua samaki, ndipo tunapochagua kanga za harusi, ndipo tunapogombana na muuza embe. Mtume mtoto Darajani akuletee ndimu, anakwenda na anarudi. Mwulize sasa: ulivuka daraja gani? Atakutazama kama umechanganyikiwa. Mwaka juzi nilisimama pale na vijana wa chuo, nikawaambia haya, nionesheni daraja. Wakazungukazunguka. Mmoja, mjuzi kweli kweli, akanionesha karo la maji machafu lililofunikwa slabu ya zege. Wenzake wakamcheka. Mimi nikasema msimcheke, huyu amekaribia kuliko nyinyi.

Maana pale chini ya lami kulikuwa na bahari. Bahari, si mto! Kila nikisema mkono wa bahari, watu wanasikia mto. Maji yalikuwa yakiingia kutoka kaskazini, Funguni, yanapanda nyuma ya nyumba za mawe, yanateremkia upande wa Mnazi Mmoja. Wazee wakiita Pwani Ndogo. Maji yakipwa, hubaki tope na kaa. Yakijaa, vidau vinaelea. Na siku za bamvua, ile shingo ya ardhi kule Mnazi Mmoja nayo huzama, basi Mji Mkongwe mzima unakuwa kisiwa. Utakwendaje shamba? Utarudije kwako usiku? Kwa daraja. Hapo ndipo lilipokuwepo, na hapo ndipo jina lilipozaliwa.

Kuna bwana mmoja aliwahi kuniambia, "Mzee, majina si ushahidi." Nimemtafuta leo humu simuoni, lakini nitamjibu hivyo hivyo. Toka marikiti, yaani soko lile la Darajani, utembee kuelekea kaskazini. Kuna Mchangani: mchanga uko wapi? Kuna Funguni: fungu la mchanga liko wapi, na fungu ni kitu cha baharini, halioti katikati ya maduka. Rudi kusini upite Kisiwandui. Wazee wanasema ni kisiwa cha ndui, pahala walipotengwa wagonjwa. Haya, kisiwa kimefika vipi kati ya nyumba? Na jina kubwa kuliko yote, la mitaa yote ya upande wa pili wa Mji Mkongwe: Ng'ambo. Ng'ambo ya nini? Ya barabara? Kiswahili hakina ng'ambo bila maji. Au wazee wetu wote walikuwa waongo, kila mmoja kwa mtaa wake?

Nimeligusa hili la Ng'ambo, na rafiki yangu mwenye saa keshaanza kutikisa mguu, maana anajua hapa ndipo ninapokwama. Ngoja nikwame kidogo.

Ng'ambo ni neno la mtu aliyesimama upande mwengine. Mtu wa Shangani, kule Mji Mkongwe, akitazama huku akaona vibanda vya udongo na makuti, akasema, wale wa ng'ambo. Sawa, ni haki yake. Lakini aliyezaliwa Kikwajuni, mtaa wa huku Ng'ambo, kwake yeye ng'ambo si ni Shangani? Mumewahi kumsikia mtu wa Kikwajuni akiiita Shangani Ng'ambo? Hata siku moja! Bibi yangu alizaliwa Kikwajuni, akafia Kikwajuni, na akitaka kwenda kununua uzi anajifunga buibui anasema, "Nakwenda mjini." Mjini! Hatua mia tatu, na njiani hapana hata kijito. Yeye mwenyewe kwao si mjini. Kalipokea jina alilopewa na jirani, kalitumia maisha yake yote, na mimi nalitumia, na nyinyi mnalitumia.

Na nani aliyekuwa akivuka? Hamali, madobi, wapishi, mayaya, mafundi waashi. Asubuhi wanaingia, magharibi wanatoka. Baada ya amri ya 1897 iliyofuta utumwa, watu wengi waliokuwa watumwa wakaja kujenga Ng'ambo, kwa sababu ndiko palipokuwa na kiwanja. Kumbukeni soko la watumwa lilikuwa Mkunazini, likafungwa 1873, na kanisa likajengwa palepale. Mkunazini kutoka ukingo wa maji ni kurusha jiwe. Kwa hiyo kuna mtu aliuzwa upande huu akiwa mtoto, na akiwa mzee akalala upande ule katika nyumba yake mwenyewe. Siti binti Saad naye alikaa huko huko Ng'ambo, akavuka kwenda kuwaimbia wakubwa katika majumba yao. Mwaka 1928 akavuka hadi Bombay kurekodi sahani. Watu wanaijua safari ya Bombay. Ile ya kuvuka pale Darajani hawaihesabu kuwa ni safari.

Tuje kwenye kujazwa. Nasikia tayari mtu ananong'ona, "Mzee anataka tuchimbe bahari irudi." Sitaki! Naomba iandikwe kwamba sitaki. Ule mkono wa bahari ulikuwa jaa la mji mzima: uchafu, mizoga, kila kitu. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua watu kwa maelfu, na daktari James Christie, aliyekuwa hapa hapa, akakiandikia kitabu kizima. Katika wakati wa Waingereza wakaanza kufukia, kipande baada ya kipande, na kazi ikachukua miongo. Marikiti Kuu ilijengwa 1904, pembeni mwa maji. Yule Lanchester, mtaalamu wa mipango miji, alipochapisha ripoti yake ya 1923, ule mkono wa bahari bado ulikuwa unamshughulisha. Kisha maji yakaisha, ikabaki barabara, nayo ikaitwa Creek Road, yaani Barabara ya Mkono wa Bahari. Sasa ni Barabara ya Benjamin Mkapa, na hapo jina la mwisho lililotaja maji kwenye kibao likaondoka. Simlaumu marehemu Mkapa, yeye hakuhusika na uchimbaji wala ufukiaji.

Mimi naomba kibao tu. Kibao kimoja, ukubwa wa mlango wa kabati: "Hapa palikuwa na daraja." Niliandika barua kwenye ofisi moja, sitaitaja. Miezi minne baadae nikajibiwa kwa adabu kubwa kwamba hawana kumbukumbu ya daraja lolote eneo hilo. Nikaigeuza ile karatasi nikasoma anuani yao juu. Imeandikwa: Darajani.

Haya, chekeni, lakini barua ninayo.

Nimebakiwa na dakika chache, nitapita mbio. Mgomo wa kodi ya viwanja wa 1928, wapangaji wa Ng'ambo walipokataa kuwalipa wenye ardhi: huo ni mhadhara peke yake, nialikeni tena. Michenzani, majumba yale ya baada ya Mapinduzi, msaada wa Ujerumani Mashariki: Mzee Karume alitaka mji mpya ukae upande ule ule ulioitwa ng'ambo, na hilo nalo lina maana yake, nitaliacha. Lakini hili siliachi. Mwaka 2000 UNESCO waliuingiza Mji Mkongwe kwenye orodha ya urithi wa dunia. Tazameni ramani yao, mpaka wa mashariki unapita wapi. Barabara ile ile! Yaani bahari tumeifukia, na kwenye karatasi bado imejaa maji. Nyumba ya mawe upande huu ni urithi, na nyumba ya bibi yangu, hatua mia tatu, ni kiwanja kinachongoja mwekezaji.

Haya, naoneshwa saa. Jumamosi asubuhi tutatembea, anayetaka aje. Tunakutana Mkunazini mlangoni kwa kanisa, saa mbili kamili, tunafuata ule ukingo hadi marikiti, tunamalizia Funguni. Vaeni viatu vya kukanyagia maji ya samaki, asinilaumu mtu. Na yule kijana wa karo kaniahidi atakuja, ndiye atakayetutangulia.