Leo Mboga Ndiyo Chakula

Mhadhara uliotolewa jioni, Ngamiani, Tanga

Asalaam aleikum. Na wale wa salamu nyingine, habari za jioni. Ahsanteni kwa kuja, najua wengine mmefunga biashara mapema na wengine mmeacha watoto kwa jirani.

Nianze na swali ambalo kila mmoja wetu ameliuliza tangu udogoni, akirudi shule, daftari bado mkononi: "Mama, leo mboga nini?" Hatukuwa tunauliza chakula ni nini. Chakula kilijulikana: wali, ugali, muhogo. Samaki tunamwita mboga. Maharage tunayaita mboga. Hata nyama ya ng'ombe, siku ikipatikana, ni mboga. Lugha yetu imempa wanga kiti cha mbele, na vingine vyote vimekuja kumsindikiza.

Sasa mtu anakwenda kupima, sukari imepanda, au uzito umezidi na magoti yanalalamika, anaambiwa: punguza wanga. Yeye anasikia "punguza chakula". Anarudi nyumbani, anaondoa ugali, anabaki na mboga ileile kwa kipimo kilekile cha kusindikizia. Samaki kipande, mchicha vijiko vitatu. Anashinda na njaa, na baada ya mwezi amechoka, anasema lishe hii si ya watu wa pwani.

Haya niliyashuhudia kwa shangazi yangu. Alirudi kutoka kliniki na neno moja tu, "aache wanga", bila kuambiwa ale nini badala yake. Nyama hajawahi kuipenda, harufu yake inamchefua tangu ujauzito wa kwanza. Basi akaacha wali, akaacha mkate, akaacha muhogo, akabaki na mchicha wa nazi, matango, nyanya chungu na chai ya rangi. Wiki ya kwanza alipungua kilo mbili, akafurahi, akapiga simu kwa ndugu wote. Wiki ya sita nilikwenda kumsalimia. Alikuwa amekaa kwenye jamvi. Alipotaka kuinuka kunipokea aliweka kiganja cha kushoto ukutani, akasukuma, akakaa tena, akasukuma mara ya pili ndipo akasimama. Mapaja yalikuwa yamenywea ndani ya kanga. Nilikaa naye tukahesabu alichokula siku nzima. Protini haikufika gramu 20.

Sitaki jambo hilo limpate yeyote aliyemo humu, na ndilo lililonileta leo.

Mwili unapata nguvu kutoka kwa virutubishi vikuu vitatu. Wanga na protini hutoa takribani kalori 4 kwa kila gramu, mafuta hutoa 9. Hayo mmeyasikia redioni. Ambalo halisemwi sana ni kwamba vitatu hivi havina kazi moja. Wanga na mafuta ni kuni za kuchoma. Protini ni matofali: misuli, damu, ngozi, kinga ya mwili. Mwili hauna ghala la kuweka protini ya akiba kama unavyoweka mafuta tumboni. Ukiinyima kwa wiki kadhaa, unaanza kubomoa misuli. Ndiyo ile mikono ya shangazi ukutani.

Na zile kilo mbili za mwanzo? Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba ile hushika maji kama gramu 3. Ukipunguza wanga, akiba inatumika na maji yanatoka. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ushindi wa wiki ya kwanza ni maji. Maji yakitoka, chumvi nayo inatoka, na ndiyo maana wengine huumwa kichwa na kusikia kizunguzungu siku za mwanzo. Mnywe maji, na asiye na presha asiogope supu ya samaki yenye chumvi kidogo.

Ninaposema wanga kidogo, sina maana ya ile lishe kali ya chini ya gramu 50 kwa siku. Ile ilianzia hospitali, mwaka 1921, pale daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic kule Marekani alipoipendekeza kwa wagonjwa wa kifafa, na mpaka leo inahitaji uangalizi. Mimi nazungumzia chini ya gramu 130 kwa siku, kiwango ambacho wataalamu wengi hukiita wanga kidogo. Mnaona gramu 130 ni nyingi? Juzi nilipakua wali nyumbani kama anavyopakuliwa mgeni, nikauweka kwenye mizani: gramu 400. Wali uliopikwa una wanga gramu 28 katika kila gramu 100. Sahani moja, zaidi ya gramu 110. Bado chai haijatiwa sukari.

Sasa tuigeuze sahani. Mboga iwe chakula, na chakula kiwe mboga. Anza kupakua protini, halafu majani, halafu ndipo uweke tonge la ugali la ukubwa wa ngumi yako, pembeni, likae pale lilipokuwa likikaa samaki. Hakuna haja ya kuuacha ugali kabisa. Umebadilishwa kiti tu.

Protini kiasi gani? Mtu mzima mwenye afya anahitaji angalau gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake. Anayepunguza uzito, na mtu mwenye umri mkubwa, nampeleka kwenye 1 hadi 1.2. Mwenye kilo 65, basi, alenge kati ya 65 na 78. Mwenye ugonjwa wa figo hesabu hii si yake, aongozwe na daktari wake.

Asiyekula nyama sana atazipata wapi? Ndugu zangu, tuko Tanga! Nyie mnaokwenda soko la samaki la Deep Sea alfajiri mnajua kuliko mimi. Kibua, changu, tasi, jodari: gramu 100 za samaki mbichi bila miba zina protini karibu gramu 20, na wanga hakuna kabisa. Dagaa wakavu ndio hazina kubwa zaidi, konzi moja tu inakupa gramu 15 au zaidi, na kwa kuwa unawala na mifupa yao, unapata na madini ya chokaa. Waosheni mchanga vizuri, wakaangeni na kitunguu na nyanya. Ng'onda, yule samaki wa kukaushwa kwa chumvi, ni mtamu, ila chumvi yake ni nyingi, mwenye presha amloweke usiku na kumwaga maji, na hata hivyo amle kwa nadra. Yai moja lina gramu 6. Glasi ya mtindi usiotiwa sukari ina 8, pamoja na wanga gramu 12 hivi.

Na nyama yenyewe, kwa anayeila kidogo, msiidharau. Vipande viwili vidogo vikatiwe ndani ya kunde au kisamvu. Nyama na samaki huusaidia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyomo kwenye majani na kunde. Ndimu nayo hufanya hivyo, ikamuliwe juu ya mboga wakati wa kula. Chai hufanya kinyume, kwa hiyo isubiri saa moja baada ya chakula.

(Mzee mmoja aliinua mkono: "Mwalimu, mbaazi je? Sisi asubuhi ni mbaazi za nazi na maandazi. Mbaazi ni wanga au ni protini?")

Ahsante mzee wangu, hapo ndipo watu wengi wasiopenda nyama wanapojikwaa. Mbaazi ni vyote viwili. Kikombe kimoja cha mbaazi zilizopikwa kina protini gramu 11, na wanga gramu 39, ingawa katika huo wanga kama 11 ni nyuzinyuzi ambazo hazipandishi sukari. Kunde ni protini 13 na wanga 35. Maharage yanafanana nazo. Kwa hiyo anayesema "nimeacha ugali, nakula maharage vikombe vitatu" ameshamaliza karibu gramu 120 za wanga bila kujua. Na anayesema "maharage ni wanga, nayaacha" amejinyima protini ya bei nafuu kuliko zote pale soko la Mgandini. Kunde na mbaazi tuzihesabu pande zote mbili: kikombe kimoja kwa siku, na siku hiyo tonge la ugali lipungue. Mbaazi zako mzee endelea nazo. Maandazi ndiyo yatoke, yaingie mayai mawili ya kuchemsha.

Na kuna hekima ya wazee wetu hapo ambayo tusiivunje bila kujua. Wali kwa maharage, ugali kwa kunde: haikuwa bahati. Protini ya kunde ina upungufu wa aina moja ya tofali ambayo nafaka inayo, na nafaka ina upungufu wa ile ambayo kunde inayo. Zikikutana zinakamilishana. Ukipunguza nafaka, pengo hilo lijazwe na samaki, yai au maziwa, au ufuta. Si lazima vikutane kwenye sahani moja, siku moja inatosha. Ufuta tunaukumbuka kwenye kashata tu, wakati ukiukaanga na kuutwanga unaungwa kwenye mchicha vizuri kabisa.

Nazi sasa. Najua mnaingoja. Shangazi aliniambia, "Mwanangu, mbona nakula nazi kila siku, nazi si chakula chenye nguvu?" Ina nguvu kweli. Gramu 100 za nyama ya nazi zina mafuta gramu 33, na protini gramu 3 tu. Nazi ni kuni, matofali yake ni machache mno. Tena mafuta yake mengi ni ya aina inayoganda, ambayo Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi asilimia 10 ya kalori zetu za siku. Simwambii mtu wa Tanga aache nazi, nami siwezi kuiacha. Tui la kwanza la nazi moja likigawanywa kwa watu sita, inatosha. Mafuta mengine yatoke kwenye karanga, korosho, parachichi na samaki wenyewe. Konzi ya karanga, gramu 30, ina protini 7 na mafuta 14. Korosho, ambazo kaskazini kwetu Mkinga zinalimwa, wanga wake ni karibu mara mbili ya wa karanga, msizile kama bisi.

Nilimpangia shangazi hivi. Asubuhi mayai mawili na mchicha, na glasi ya mtindi. Mchana samaki, kipande kizima cha gramu 150, si kile cha mkiani, na kisamvu kilichotwangwa na kuchemshwa sawasawa, na ngumi ya ugali. Jioni kikombe cha kunde na bamia, na konzi ya karanga. Protini inafika 70 na zaidi, wanga hauzidi 100 sana. Nyama hakuna hata kipande.

Hapa nitasema polepole. Anayechoma insulini, au anayemeza vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamaidi, asibadilishe sahani kabla hajazungumza na daktari. Dozi ilipangwa kwa wali ule. Wali ukiondoka na dozi ikabaki, sukari inaweza kushuka usiku, ukatoka jasho, ukatetemeka, ukapoteza fahamu. Anayetumia metifomini, dawa nyingine ya sukari, kwa miaka mingi naye aulize kuhusu vitamini B12, kwa sababu dawa ile hupunguza unyonywaji wake, na vitamini hiyo hupatikana kwenye vyakula vya wanyama. Asiyekula nyama hulindwa na samaki, mayai na maziwa.

(Mama mmoja kutoka nyuma: "Na futari, mwalimu? Ramadhani tutafanyaje?")

Mama, futari yetu ni muhogo wa nazi, magimbi, viazi vitamu, tambi za sukari, uji na kaimati. Vyote ni wanga, vimekaa mkeka mmoja. Mgonjwa wa sukari kwanza aulize kama anaruhusiwa kufunga. Akiruhusiwa, afungulie tende moja au mbili na maji. Tende ndogo moja ina wanga gramu 5 au 6, haina neno. Aswali Magharibi. Akirudi, mkono wake uanze kwa samaki wa kupaka na bajia za kunde, kisha achague kimoja katika vile vingine: kipande cha muhogo, au gimbi, si vyote. Na daku aamke, asiache. Mayai, kunde zilizobaki, mtindi. Shangazi mwaka jana alipikia futari nyumba nzima, na mbele yake mwenyewe aliweka bakuli la pweza na kipande kimoja cha muhogo. Walipomuuliza mbona anakula mboga tupu, aliinuka kwenda kuongeza pweza, na ukuta hakuugusa.