UPS mbili, moja imekufa na hakuna aliyejua

(Mhadhara kwa mafundi umeme, Tanga)

Shikamooni wakubwa zangu, na mafundi wenzangu hamjambo. Nimepewa dakika chache kabla ya chai, basi sizunguki.

Wengi hapa mmeshafunga UPS mbili sambamba, zile mashine za betri zinazoshikilia mzigo umeme ukikatika. Mteja huwa anafurahi: moja ikifa, nyingine itabeba. Itabeba kama mzigo unamtosha aliyebaki! Chukua mbili za kVA 10, yaani kipimo cha mzigo ambao kila moja inaweza kubeba. Mzigo wote usizidi 10. Siku watu wakichomeka hiki na kile ukafika 12, kila kioo kitasoma asilimia 60, na wote mtalala usingizi. Kumbe akiba imeshaliwa. Moja ikizima, mwenzake anaelemewa, anahamia baipasi, yaani njia ya pembeni inayoruka betri, mzigo unaning'inia kwenye gridi. Umeme ukikatika hapo, giza.

Modeli iwe moja, kebo ya mawasiliano ikae sawa, hayo mnayajua. Waya wa kutokea ndio naukuta umekosewa kila mahali. Kutoka kila UPS hadi bodi, urefu na unene vilingane. Zikiwa kwenye baipasi hakuna ubongo wa kugawa mzigo. Mwenye waya mfupi ndiye anayebebeshwa.

Sasa kisa. Niliitwa mahali fulani mjini hapa, vyumba vya baridi vimezimika usiku. Nikafungua chumba cha UPS: moja imekufa siku nyingi, vumbi limeshakaa juu yake. Ililia, ndiyo. Mlinzi, mzee wa watu, akaniambia, "Mwanangu, ilikuwa inapiga kelele, nikabonyeza kile kitufe ikanyamaza." (Kicheko.) Msicheke. Kitufe kimewekwa kibonyezwe.

Nyuma ya mashine zile kontakti za kengele zilikuwa tupu, skrubu hazijaguswa tangu kiwandani. Fundi aliyefunga, kama wasemavyo Tanga, waja leo waondoka leo.

Kontakti hizi ni kavu, maana yake hazitoi umeme wowote. Ni swichi tu, kama ya taa ukutani, ila anayeibonyeza ni rilei, swichi inayovutwa kwa umeme, iliyo ndani ya UPS. Umeme wa kengele unauleta wewe, volti 12 au 24, kutoka betri ndogo iliyo kwa mlinzi. Msipitishe humo volti 230. Someni kwanza kontakti inahimili kiasi gani.

Skrubu ni tatu: ya pamoja, inayokaa wazi, inayokaa imefungwa. Mafundi wengi hukimbilia inayokaa wazi, hitilafu ikitokea ifunge, kengele ilie. Mimi siitaki, na hasa hapa kwetu. Hewa ya bahari inaotesha kutu ya kijani kwenye shaba, panya naye anakata waya, na kengele inakaa kimya kama vile mambo ni shwari. Tumia njia ambayo UPS ikiwa nzima mkondo unapita, unashikilia rilei ndogo mezani kwa mlinzi. Hitilafu ikitokea, au waya ukikatika, rilei inaachia, king'ora kinalia. Lakini msiamini maandishi tu: watengenezaji wengine huita "imefungwa" hali ya mashine iliyozimwa. Pima kwa mita, ikiwaka na ikizimwa.

Na kila UPS iwe na jozi yake ya waya, mlinzi ajue ni ipi.

Huu hapa waya, unatoka kwenye mashine ile, unakwenda kwenye king'ora kile mlangoni. Mama, hebu shika koleo. Kata popote.

(Akakata. King'ora kikalia.)

Haya, chai.