Jinsi ya kuona sumaku ikifungulia mwanga njia ndani ya kimiminika cha sumaku

Karibuni, ndugu watazamaji. Leo nitawaonyesha jaribio ninalolipenda kuliko yote, ambamo tone moja la kimiminika cheusi hupitisha au kuzuia mwanga kwa amri ya sumaku.

Kimiminika hiki ni mafuta yenye chembe za magnetaiti, yaani oksidi ya chuma inayovutwa na sumaku, kila chembe ikiwa na upana wa nanomita 10 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), nazo zimevikwa utando wa asidi ya oleiki ili zisigandamane. Weka tone moja juu ya kibamba cha kioo, lifunike kwa kibamba cha pili, kisha ubonyeze mpaka tabaka liwe na rangi ya chai iliyokolea. Likibaki jeusi, limezidi unene na hutaona lolote. Ukitaka kulizimua, tumia mafuta ya aina ileile yaliyomo, kamwe si maji.

Sasa washa tochi iangaze juu, uweke kichujio cha kwanza cha polaraizesheni, yaani kinachopitisha tu mwanga unaotetemeka kwa mwelekeo mmoja, uitwao mhimili wake, kisha vibamba vyetu, halafu kichujio cha pili, ukikizungusha mpaka giza litande.

Hapa nawaomba mtulie. Sumaku mbili zikae kushoto na kulia kwa vibamba, ncha ya kaskazini ya moja ikitazama ncha ya kusini ya nyingine, na mstari unaoziunganisha uwe na pembe ya digrii 45 na mhimili wa kila kichujio. Mara ya kwanza nilizipanga sambamba na mhimili wa kichujio, nikakesha nikidhani kimiminika kimeharibika, kumbe kilikuwa kizima. Digrii 45, tafadhali.

Subirini kidogo, sumaku moja imevutwa na mguu wa kamera na picha imetikisika. Naisogeza kamera. Shikeni sumaku hizi kwa uangalifu, kwa maana hubana vidole vikali. Napima pembe upya: digrii 45.

Tazameni! Pale palipokuwa giza sasa pana mwanga wa rangi ya machungwa, kwa sababu oksidi ya chuma hufyonza zaidi mwanga wa buluu. Uga wa sumaku, yaani eneo la nguvu zake, umezipanga chembe katika minyororo, na mwanga unaotetemeka kufuata minyororo husafiri kwa kasi tofauti na ule unaoikata, hata ukitoka umebadilika na kupenya kichujio cha pili. Mwanafizikia wa Italia, Quirino Majorana, aliichunguza tabia hii mwaka 1902 katika vimiminika vyenye chembe za chuma, miaka 61 kabla Steve Papell wa NASA, shirika la anga la Marekani, hajatengeneza kimiminika cha sumaku kwa ajili ya mafuta ya roketi.

Ninapoziondoa sumaku, giza linarudi, kwani joto huzivuruga chembe zikasahau mpangilio wao. Nikizirudisha na kuvizungusha vibamba peke yake, hakuna kinachobadilika, maana mwelekeo unatoka kwenye uga, si kwenye kioo. Nikizizungusha sumaku, mwanga unafifia hadi kuzimika kwenye digrii 0, unawaka tena kwenye 45, kisha unazimika kwenye 90.

Mwisho, naweka sumaku ya pete chini ya vibamba, mwanga ukipita katikati ya tundu lake. Uga sasa unafuata njia ya mwanga wenyewe, minyororo imesimama wima, na katikati ya picha pamebaki giza.