Kompyuta Alipokuwa Mtu

Mabibi na mabwana, mwaka 1936 mwanahisabati Mwingereza Alan Turing aliandika makala mashuhuri kuhusu namba zinazoweza kukokotolewa. Humo anamtaja kompyuta. Anamaanisha binadamu: mtu mwenye kalamu na karatasi, anayefuata kanuni hatua kwa hatua.

Ndiyo iliyokuwa maana ya kawaida wakati huo. Neno hilo lina asili ya Kilatini, kitenzi computare, yaani kuhesabu, na Waingereza walikuwa wakiwaita watu kwa neno hilo tangu karne ya 17. Ilikuwa kazi ya mshahara. Almanaki ya mabaharia wa Uingereza, kitabu cha kujulia meli iko wapi baharini, kilichoanza na toleo la mwaka 1767, kiliandaliwa na kompyuta waliokaa majumbani mwao na majedwali ya logi, yanayorahisisha kuzidisha na kugawanya, wakikokotoa mahali mwezi utakapokuwa angani. Hesabu moja ilipewa watu wawili wasiokaa pamoja, kisha mtu wa tatu akalinganisha majibu. Utaratibu huo naustahi sana, maana nahodha aliyepewa namba potofu angeweza kuzamisha meli.

Katika Vita Vikuu vya Pili, jeshi la Marekani liliajiri wanawake wengi waliosoma hisabati wawe kompyuta huko Philadelphia. Walikokotoa njia za makombora ya mizinga. Njia moja tu, hata kwa mashine ya hesabu ya mezani, ilimla mtu zaidi ya saa 30. ENIAC, mtambo uliozinduliwa Februari 1946, uliimaliza kwa sekunde 30 hivi. Herufi ya mwisho ya jina hilo, C, ni ya neno letu kwa Kiingereza, computer: mtambo ulichukua kazi ya wale wanawake, ukachukua na cheo chao. Na waliouandalia programu ni sita miongoni mwao, akiwemo Kay McNulty. Kwenye dhifa ya uzinduzi hawakualikwa, jambo ambalo bado linaniuma.

Hata hivyo cheo hakikuhama siku moja. Kabla ya mwanaanga Mmarekani John Glenn kurushwa kuizunguka dunia, tarehe 20 Februari 1962, mitambo ya NASA, shirika la anga la Marekani, ilikuwa imeshatoa namba za safari. Glenn akataka kwanza zikaguliwe na Katherine Johnson, aliyeajiriwa mwaka 1953 kama kompyuta. Johnson akazikokotoa upya kwa mashine ya mezani, zikalingana, Glenn akakubali kuruka.