Kichanga Kalala Fofofo: Umwamshe Anyonye au Umwache?

HAMISI: Karibuni tena. Leo hakuna salamu ndefu, maana hili jambo linagombanisha watu nyumbani. Mtoto ana siku nne. Kanyonya saa tatu usiku, kalala. Saa nane inaingia, bado yuko fofofo. Mama anataka kumwamsha, bibi anasema, "Mwacheni mtoto, anacheka na malaika." Da Rehema, wewe ni mkunga. Nani asikilizwe?

REHEMA: Siku nne? Mama. Tena asingengoja hiyo saa nane.

HAMISI: Hivyo tu? Na bibi kalea watoto sita!

REHEMA: Shikamoo yake naitoa. Ila bibi anaangalia usingizi, mimi naangalia mzani. Vichanga karibu wote hupungua uzito siku za mwanzo. Aliyezaliwa na kilo 3, siku ya tatu kukutwa na 2.8 si ajabu. Akifika 2.7 amepoteza asilimia 10, hapo lazima tumkague na tumtazame anavyonyonya. Wengi huurudia uzito wa kuzaliwa kati ya siku ya 10 na ya 14. Mpaka aurudie, haachwi akapitiliza. Anyonye mara 8 hadi 12 ndani ya saa 24, na hata usiku pengo lisizidi saa nne.

HAMISI: Pengo unalihesabu tangu alipoacha titi?

REHEMA: Tangu alipoanza. Kashika titi saa tatu, basi saa sita, ikichelewa sana saa saba, awe ameshika tena. Wengi huanza kuhesabu mtoto akishalala, wanajiongezea saa nzima bila kujua.

HAMISI: Lakini si akiwa na njaa atalia mwenyewe?

REHEMA: Hapo ndipo ninapogombana na watu. Kulia kunataka nguvu, Hamisi. Kichanga asiyeshiba anaishiwa nguvu, analala zaidi, akiamka ananyonya kidogo, anarudi kulala. Na majirani wanamsifia: jamani, mtoto mpole huyu, hasumbui! Wiki ya kwanza, mtoto asiyesumbua kabisa ndiye ninayetaka kumwona haraka.

HAMISI: Mh. Na wale wa manjano?

REHEMA: Hao ndio hasa. Manjano yenyewe yanamlaza. Na ile rangi inatoka mwilini kwa njia ya choo. Asiponyonya hapati choo, asipopata choo manjano yanapanda, yakipanda anasinzia zaidi. Kwa watoto wetu weusi usingoje ngozi ibadilike. Angalia weupe wa macho na fizi. Ukiona hadi viganja na nyayo ni vya manjano, nenda hospitali. Na kumwotesha jua asubuhi hakuchukui nafasi ya taa za hospitali za kutibu manjano, hilo naomba lisikike vizuri.

HAMISI: Limesikika. Njiti je?

REHEMA: Njiti, na yeyote aliyezaliwa chini ya kilo 2.5, usimsubiri akuombe. Kila saa mbili hadi tatu, kwa ratiba waliyokupa wodini. Akishindwa kunyonya, kamua umpe kwa kikombe kama walivyokuonyesha.

HAMISI: Sasa kumwamsha kwenyewe. Nimeona watu wanampuliza usoni, wengine kitambaa cha maji baridi.

REHEMA: Maji baridi hapana! Kichanga anapoteza joto upesi mno. Mfungue khanga, mbadilishe nepi, mweke kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, mfunike mgongo. Msugue nyayo, kamulia tone la maziwa mdomoni. Mvizie pia: macho yakichezacheza chini ya kope au mdomo ukitafuta, usingizi wake umekuwa mwepesi, ni rahisi. Akianza kusinzia kwenye titi, mama alibinyebinye titi maziwa yatiririke, au amcheulishe na kumhamishia la pili.

HAMISI: Tutajuaje kashiba? Mzani nyumbani hatuna.

REHEMA: Nepi. Siku ya kwanza hata moja ya mkojo inatosha, ya pili mbili, kuanzia siku ya tano ziwe sita au zaidi. Kile choo cheusi cha kunata nacho kiwe kimegeuka manjano kufikia hapo. Mimi wiki ya kwanza napenda nepi za kitambaa, pampasi inameza mkojo hujui kakojoa mara ngapi. Na msimpe maji ya sukari. Tumbo linajaa, analala, hajala kitu.

HAMISI: Mama naye analalamika, akimwacha alale anaamka matiti mawe.

REHEMA: Kwa sababu homoni ya kutengeneza maziwa hupanda usiku. Akiruka usiku mara kwa mara siku hizi za mwanzo, matiti yanavimba, na baadaye maziwa yanapungua.

HAMISI: Lini sasa tunaruhusiwa kulala?

REHEMA: Akishaurudia uzito wa kuzaliwa, anaongezeka, nepi ziko sawa, na mhudumu aliyempima hana shaka naye. Hapo akilala usiku mwacheni, anyonye anapotaka. Kwa hiyo msiruke hudhurio la kliniki la kati ya siku ya 7 na ya 14, hata kama mama bado yuko ndani ya arobaini. Ila usijipe matumaini sana, wengi wataendelea kukuamsha wenyewe.

HAMISI: Na akigoma kabisa kuamka?

REHEMA: Umemfungua, umembadilisha, umemsugua, bado kalegea au hataki kushika titi: hospitali saa hiyohiyo, si kesho. Vivyo hivyo akiwa na joto la 37.5 au zaidi, akiwa wa baridi, anapumua mbiombio, au kapata degedege.

HAMISI: Sisi akina baba tunyonyeshe nini?

REHEMA: Hakuna! Wewe tega alamu, mbadilishe nepi, mpeleke kwa mama, ukae macho hadi amalize, umcheulishe, umrudishe. Na asinyonyeshe kwenye kochi huku anasinzia. Kichanga anaweza kubanwa pale akakosa hewa.

HAMISI: Alamu naiweza. Wiki ijayo tunaongelea chango, tumeni maswali mapema.