Leva, Direla na Hesabu ya Milimita

ZAWADI: Hamjambo wasikilizaji, na karibuni katika kipindi chetu cha baiskeli, kinachorekodiwa hapa Nairobi. Mimi ni Zawadi, na kama kawaida niko na Mzee Kombo, ambaye alianza kufungua na kufunga baiskeli kabla mimi sijazaliwa. Shikamoo, Mzee.

KOMBO: Marahaba, mwanangu. Ile baiskeli yako imepona?

ZAWADI: Haijapona, na leo ndiyo mada yetu. Nilinunua baiskeli ya mbio ya mitumba, fremu ya chuma, yenye gia nane nyuma na leva za kubadilishia gia, za kampuni ya Shimano, kwenye usukani. Direla ya nyuma, yaani ule mkono unaohamisha mnyororo kutoka sproketi moja, yaani kigurudumu chenye meno, hadi nyingine, ilikuwa imevunjika. Muuzaji akanifungia ya kampuni nyingine, SRAM, ya baiskeli ya mbio ya gia kumi, akaniambia kwamba direla ni direla. Mjini ilikwenda vizuri, lakini nilipoanza kupanda kuelekea Limuru, mnyororo ukawa unarukaruka kati ya sproketi mbili bila kutulia juu ya yoyote, hata nikashuka nikasukuma.

KOMBO: Ukaipeleka kwa fundi, naye akakaza waya wa gia.

ZAWADI: Mara tatu! Umejuaje?

KOMBO: Kwa sababu ndilo jambo la kwanza ambalo kila fundi hulifanya. Na bila shaka alipoukaza, gia za mlima zikapona na zile za tambarare zikaugua.

ZAWADI: Hivyo hivyo. Nikadhani waya umechakaa, nikanunua mpya. Hakuna kilichobadilika.

KOMBO: Hakingebadilika. Kukaza waya kunahamisha mahali pa kuanzia tu, wala hakubadilishi urefu wa hatua. Fikiria mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe yaliyopangwa kwa umbali sawa, lakini hatua yake ni fupi kuliko umbali huo. Jiwe la kwanza atalikanyaga vizuri, la pili atalikanyaga ukingoni, na akifika la nne yumo majini. Ukimsogeza mbele kidogo kabla hajaanza, utakuwa umebadilisha tu jiwe atakalolikosa.

ZAWADI: Na hatua ya baiskeli yangu ni fupi kiasi gani?

KOMBO: Tuihesabu. Leva yako ya Shimano ya gia nane huvuta waya milimita 2.8 hivi kila unapoibonyeza mara moja. Direla huuzidisha mvuto huo, na kila kampuni ina kizidisho chake. Direla za zamani za Shimano za baiskeli za mbio, za gia nane hadi kumi, huzidisha kwa takriban 1.7, ilhali ile ya SRAM uliyofungiwa huzidisha kwa takriban 1.3. Zidisha 2.8 kwa 1.7, utapata karibu 4.8, na 4.8 ndiyo nafasi iliyopo kati ya sproketi na sproketi kwenye kaseti yako, yaani lile fungu la sproketi za nyuma. Sasa zidisha 2.8 kwa 1.3.

ZAWADI: Ni 3.6 na ushei.

KOMBO: Basi kila ukibonyeza, mnyororo unapungukiwa na zaidi ya milimita moja. Ukifika hatua ya nne umeachwa nyuma karibu sproketi nzima. Hakuna waya, mafuta wala dua itakayoliondoa pengo hilo.

ZAWADI: Kwa hiyo SRAM ni kampuni mbaya?

KOMBO: Hapana, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Direla hiyo ni nzuri sana ikiwa na leva yake, ambayo huvuta waya milimita 3.1 hivi. Ndiyo maana mimi husema leva na direla ya nyuma ni mume na mke, ilhali sehemu nyingine nyingi ni majirani ambao wanaweza kutoka kabila lolote. Kaseti ya SRAM ya gia nane huingia kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya Shimano bila tatizo, kwa kuwa mifereo inayoishika kaseti ni ile ile na nafasi ni ile ile. Mnyororo ununue kwa idadi ya sproketi za nyuma, si kwa jina. Wa kampuni ya KMC wa gia nane utaufaa mfumo wako sawasawa na wa Shimano.

ZAWADI: Na kampuni ya Campagnolo? Kuna msikilizaji ambaye ana gurudumu la Campagnolo na angependa kulifungia kaseti ya Shimano.

KOMBO: Kaseti haitaingia, kwa sababu mifereo ya habu zao ni tofauti. Lakini upande wa leva kuna ndoa moja ya ajabu inayonifurahisha kila nikiikumbuka. Leva ya Campagnolo ya gia kumi huvuta waya takriban milimita 2.8 kwa hatua, na umekwisha kuisikia namba hiyo.

ZAWADI: Ndiyo ya leva yangu ya Shimano ya gia nane!

KOMBO: Naam. Leva ya Campagnolo iliyoandikwa kumi, direla ya zamani ya Shimano, na kaseti ya Shimano ya nane, vyote vinaelewana. Hatua mbili za leva hubaki bila kazi, nawe unazizuia kwa skrubu ya mpaka ya direla, ile inayoizuia isipite sproketi ya mwisho. Ukifuata majina yaliyochapishwa huwezi kufika huko hata siku moja.

ZAWADI: Turudi kwangu. Nataka sproketi kubwa zaidi nyuma, maana miguu yangu na ile barabara ya Limuru havipatani. Direla za mbio za zamani hazifikii mbali.

KOMBO: Tafuta direla ya Shimano ya baiskeli ya milimani ya gia nane au tisa, kwa mfano Deore. Kizidisho chake ni kile kile cha 1.7, hivyo leva yako haitajua kwamba kuna mgeni nyumbani, na utaweza kufunga kaseti yenye sproketi ya meno 32. Tahadhari mbili tu. Direla za milimani za gia kumi zilibadilishwa kizidisho, kwa hiyo hizo ziache. Na ukikutana na direla ya Shimano iitwayo Dura-Ace, ya gia nane, ya kabla ya 1997, usidanganywe na uzuri wake, kwani nayo ina hesabu yake ya pekee.

ZAWADI: Na anayenunua kaseti ya mitumba isiyo na maandishi?

KOMBO: Achukue rula. Apime kutoka uso wa sproketi ya kwanza hadi uso kama huo wa sproketi ya mwisho, kisha agawanye kwa idadi ya nafasi zilizo katikati. Kaseti ya nane ina nafasi saba, kwa hiyo ya Shimano itampa milimita 33.6 hivi.

ZAWADI: Fremu yenyewe haina masharti?

KOMBO: Inayo. Fremu za zamani za gia sita au saba zina upana wa milimita 126 nyuma, na habu za baadaye zinahitaji 130. Chuma hukubali kupanuliwa milimita mbili kila upande na fundi anayejua kazi yake. Alumini na kaboni usithubutu. Ila yako, kwa kuwa ilikuja na gia nane, nina hakika ni 130.

ZAWADI: Wewe mwenyewe, Mzee, umefunga nini kwenye yako?

KOMBO: Leva za msuguano kwenye bomba la chini la fremu, zisizo na hatua. Mkono unavuta, sikio linasikia, mnyororo unatulia. Direla yangu ni ya kampuni moja, kaseti ya nyingine, na hazijawahi kugombana, kwa sababu hakuna anayezihesabia milimita.

ZAWADI: Lakini kuondoa mkono kwenye usukani katikati ya matatu za Barabara ya Ngong, mimi siwezi.

KOMBO: Hilo nakukubalia. Baki na leva zako.

ZAWADI: Na hii direla ya SRAM nifanye nini nayo?

KOMBO: Isafishe, uiweke kwenye mfuko, umtafute mtu mwenye leva za SRAM za gia kumi ambaye direla yake imevunjika. Na usimuuzie mpaka umeziona hizo leva kwa macho yako.