Vitanda Vitupu vya Morehouse

Ndugu zangu, wengi wenu mmekwisha kunisikia nikimzungumzia Benjamin Mays, na najua wako wanaonong'ona huko nyuma kwamba mzee huyu ana wimbo mmoja tu. Ni kweli, na leo nitauimba tena, kwa sababu kila nikilitaja jina hilo naulizwa swali lile lile: si ndiye mwalimu wa Martin Luther King, yule mpigania haki za Weusi wa Marekani? Ndiye. Lakini Mays alikiongoza Chuo cha Morehouse, chuo cha Weusi kule Atlanta, Marekani, kwa miaka 27, tangu 1940 hadi 1967, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ilikwenda katika kazi ambayo hakuna anayeitungia shairi: kusaka fedha, kudai ada na kutafuta walimu. Jinsi vyuo vya Weusi vilivyozaliwa Marekani mnajua, sitairudia.

Alikuta chuo kisichoutawala hata mfuko wake, kwa kuwa tangu miaka ya mdororo mkuu wa uchumi fedha zake zilikuwa mikononi mwa Chuo Kikuu cha Atlanta, jirani yake. Akaanza na ada. Alifuatilia madeni ya wanafunzi kwa ukali hata wakambandika jina la Buck Benny, "buck" likiwa jina la mitaani la dola. Naona nyuso zinakunjamana: huo si ukatili kwa watoto wa maskini? Mays alizaliwa South Carolina mwaka 1894, kitinda mimba wa watoto wanane, wazazi wake wote wawili wamezaliwa utumwani, na alipokuwa mwanafunzi alipata fedha kwa kuwahudumia abiria katika mabehewa ya kulala ya treni. Hakuhitaji kufundishwa umaskini na mtu yeyote. Alijua kwamba mwalimu asiyelipwa huondoka, na akiondoka, tajiri humhamishia mwanawe kwingine, maskini akabaki na darasa lisilo na mwalimu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninapopapenda. Morehouse ni chuo cha wanaume, na Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto vijana wakaitwa jeshini, mabweni yakabaki vitanda vitupu. Mwaka 1943 mwenyekiti wa bodi akapendekeza chuo kifungwe mpaka vita viishe. Pendekezo hilo halikuwa la kijinga. Mhasibu yeyote angelitia sahihi. Mays akalikataa, na badala yake akafungua mlango kwa wavulana ambao hawajamaliza sekondari, mradi wafaulu mtihani wa kuingia. Mwaka 1944 akaingia mmoja wa miaka 15. Huyo ndiye King wenu! Na kiangazi kile, kabla ya kuanza masomo, alikuwa pamoja na vijana wa Morehouse katika mashamba ya tumbaku ya Simsbury, Connecticut, wakichuma fedha za masomo. Ada, tena.

Najua pingamizi lililo njiani: baba yake na babu yake mzaa mama walisoma hapo hapo, kwa hiyo angekwenda tu. Angekwenda, lakini wapi, kama lango lingekuwa na kufuli? Mnapenda kusimulia hotuba za Jumanne asubuhi ambazo Mays aliwapa wanafunzi kanisani mwa chuo, nami nazipenda, lakini hotuba huhitaji mtu wa kuisikiliza, na aliyewaweka watu kwenye viti vile ni yule yule mdai ada.

Mwenyekiti ananionyesha saa, basi nikimbie. Safari ya India na mazungumzo na Gandhi, alipokuwa bado Chuo Kikuu cha Howard, kabla ya kuja Morehouse, naiacha. Nisiloweza kuliacha ni la mwaka 1944, Frederick Patterson, mkuu wa chuo cha Weusi cha Tuskegee, daktari wa mifugo kwa taaluma, alipoviunganisha vyuo 27 vya Weusi katika mfuko mmoja viombe michango kwa pamoja, badala ya kila mkuu kubisha peke yake kwenye mlango wa tajiri yule yule. Mays alikuja kuuongoza mfuko huo baadaye. Kuhusu miaka yake katika bodi ya shule za Atlanta, ambayo aliiongoza kuanzia 1970 akiwa amekwisha kustaafu, nilikuwa na kurasa nne hapa, nazikunja.

Hotuba yake ya mazishi ya King, Aprili 1968, mtaipata kwa wengine. Maswali nayapokea, ila la kwanza, tafadhalini, liwe la ada.